Vidonge Vilivyoishia Kwenye Sinki

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, Kijiti alitoa kidonge kimoja kwenye kopo jeupe ndani ya friji, akaenda nacho bafuni kunawa uso. Akirudi, alitia alama ya vema kwenye fomu iliyobandikwa ukutani.

"Umemeza, mwanangu?" mama yake aliuliza bila kuinua kichwa. Alikuwa fundi cherehani, na mashine ilikuwa imeshaanza kulia tangu alfajiri.

"Nimemeza, mama."

Jina la Kijiti alibandikwa na wenzake darasani. Miezi mitano nyuma aliugua homa ya mapafu. Dawa kali zilimponya, lakini ziliua pia bakteria wazuri wanaoishi tumboni. Tangu hapo kuharisha kulikuja na kuondoka kama mgeni asiye na adabu, na msichana akakonda akabaki mifupa. Alimeza dawa za kila rangi mpaka akachoka tiki. Kidonge hiki kipya, chenye bakteria wazuri waliooteshwa maabara, kilikuwa kikijaribiwa kwa watoto thelathini. Alikimeza siku nne. Siku ya tano alikitupa kwenye sinki, na vilivyofuata vikaenda huko huko.

Wiki ya nne walirudi hospitali. Daktari mtafiti, mwanamke wa makamo mwenye macho mekundu kwa uchovu, aliitazama fomu, kisha majibu ya choo.

"Wewe ndiye wa kwanza kupimwa. Umemeza vidonge vyote, lakini tumboni hakuna hata dalili ya bakteria wetu. Basi wamekufa ndani ya makopo. Itabidi tusimamishe kila kitu na kuanza upya."

"Kwa watoto wote?"

"Wote. Kuna mmoja wodini, kila anachokula kinatoka. Alikuwa aanze kesho. Sasa atasubiri."

Kijiti alimtazama mama yake, aliyekuwa akisinzia kwenye kiti, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Daktari, hawakufia kwenye kopo. Niliwatupa kwenye sinki."

Mama alizinduka. "Unasema nini wewe?"

"Nilichoka, mama. Wewe ulichoka kwa kushona, mimi nilichoka kwa kumeza. Nikatia alama tu."

Daktari aliweka kalamu mezani.

"Kuchoka si kosa, hata mimi nimechoka. Ungeandika tu: leo nimechoka, sijameza. Hiyo nayo ingenisaidia."

Waliisahihisha fomu mstari kwa mstari. Mtoto wa wodini alianza dawa kesho yake kama ilivyopangwa, na Kijiti akapewa kopo jingine. Wiki ya kwanza hakuona nafuu. Wiki ya pili aliandika, "Leo nimetapika, sikumeza." Wiki ya tano alikaa vipindi viwili vya hesabu mfululizo bila kuomba ruhusa ya kutoka.

"Wengine bado hawajapona," daktari alimwambia siku ya mwisho, "ila tunajua pa kutafuta sababu, kwa kuwa fomu zinasema kweli. Ukimdanganya daktari, mwanangu, hujidhuru peke yako. Unamdhuru na mgonjwa ambaye pengine hutamwona maishani."

"Nimesikia, daktari."

Mama alimshika mkono, wakatoka taratibu, wote wawili wakipiga miayo.