Filamu ya Mwisho ya Bi Mwatum

Bi Mwatum ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta pale Chake, na haya ninayoyasimulia yamempata yeye, si mtu wa mbali.

Asubuhi mambo haya yalipoanza alikuwa amekaa uani anachambua mchele wa mtu mmoja. Ukishazoea kupikia nyumba nzima, mkono humimina kupita kiasi, halafu ukarudisha kwenye gunia. Mumewe alikwishafariki, watoto hakujaaliwa, na mpwa wake Laila aliyemlea tangu mdogo yuko Unguja na kazi zake. Kuna siku ilikuwa inafika magharibi naye hajaitumia sauti yake ila kwenye sala.

Zamani mlango wake haukuwa ukifungwa. Bi Mwatum alikuwa mpiga picha wa shughuli za wanawake. Alikuwa na kamera kuukuu ya kukunja, unaivuta mbele ndipo inafunguka, na ilitumia filamu ya papo hapo: unapiga, unavuta karatasi ubavuni, unasubiri kidogo, unaibandua, na picha ndiyo hiyo mkononi, mbichi, inanuka dawa. Hakuna kupeleka studio. Hakuna mwanamume wa chumba cha giza atakayemwona mtoto wa watu kichwa wazi. Kwa hilo akina mama walimpenda, na kuanzia Mtambile hadi Wete hapakuwa na bi harusi aliyesingwa, yaani kusuguliwa manukato kabla ya ndoa, bila Bi Mwatum kuwepo.

Kisha zikaja simu, na wenye viwanda huko kwao wakaacha kuzitengeneza filamu zile. Mzee Mansukhlal, aliyekuwa akimwagizia dukani kwake, alimwita siku moja akampa zote zilizobaki.

"Bi Mwatum, huu ndio mwisho wake," alimwambia. "Weka kwenye friji, lakini usigandishe."

Mansukhlal naye akafunga duka, akahamia Dar kwa wanawe. Bi Mwatum akaziweka filamu chini kabisa ya friji, pembeni ya ndimu, akawa anazitoa kwa uchoyo, moja moja, kila mwaka rangi zikizidi kupauka. Asubuhi hiyo ilikuwa imebaki paketi moja iliyokwishafunguliwa, na ndani yake picha nne.

Ndipo ikapigwa hodi. Aliyeingia alikuwa Khairat, mama mmoja wa kijiji cha Ole ambaye harusi yake mwenyewe Bi Mwatum aliipiga picha.

"Nimekuja kukuomba, bibi," Khairat alisema baada ya salamu. "Yumna wangu anaolewa. Singo yake kesho, alasiri. Simu sizitaki. Mwaka jana picha za binamu yake zilizagaa kwenye magurupu, mpaka leo mtoto hatoki nje. Nakutaka weye na kamera yako."

"N'na picha nne tu, mwanangu. Na filamu yenyewe imechoka."

"Hata ikitoka moja."

Bi Mwatum hakulala vizuri usiku ule, kwa furaha ya kuitwa.

Nyumba ya Khairat ni ya zamani, ya mawe na udongo, mikarafuu imeizunguka pande zote. Mlangoni palikuwa na kapu limejaa simu. Uani mikeka imetandikwa, na katikati ameketi Yumna, mikono yake ina hina mbichi, somo wake aliyemfunda anamsugua singo mabegani taratibu. Wanawake wamemzunguka, wanaimba na kucheka. Nyuma yao kulikuwa na mlango mmoja umefungwa, umewekewa ndoo mbele yake. Bi Mwatum alidhani ni stoo.

Akakunjua kamera yake. Wasichana wakasogea kuitazama kama watu wanaotazama mnyama. Alipiga ya kwanza, akavuta karatasi, akaibana kwapani ipate joto, kisha akaibandua.

Rangi zilitoka za kahawia, lakini Yumna alitoka vizuri, anatabasamu. Nyuma yake, pale penye mlango uliofungwa, palikuwa na mtu ameketi peke yake, amewageuzia watu mgongo, kanga imemfunika kichwa. Bi Mwatum akainua macho. Penye mlango palikuwa na ndoo tu.

Doa, alijiambia. Filamu ikizeeka dawa hukauka mahali mahali, ikaacha mabaka. Ameyaona mabaka ya kila namna. Lakini baka hili lilikuwa na nyayo, na nyayo zilikuwa na hina.

Hakumwonyesha mtu. Aliitia picha kwenye mkoba, akahama upande, akapiga ya pili. Alipoibandua, mtu yule hakuwa tena mlangoni. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, kati ya wanawake wawili, mgongo vilevile. Bi Mwatum akawatafuta wanawake wale uani, akawaona. Waliendelea kupiga makofi na kuimba. Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na mkeka wenyewe ulikuwa umebonyea.

Alitaka kuifunga kamera aseme filamu imekwisha. Angefanya hivyo, pengine mambo yangekuwa mengine. Lakini Khairat alikuwa anamtazama kwa matumaini, na ni miaka mingi hakuna aliyemtazama hivyo. Akapiga ya tatu.

Karatasi ikiwa bado kwapani, Yumna aliacha kutabasamu.

"Somo," alisema polepole. "Nani ananinong'oneza?"

"Hakuna ntu, mwanangu. Tulia."

"Yupo. Sikioni."

Bi Mwatum akaibandua picha kwa vidole vyake vilivyopinda. Mwanamke yule alikuwa amepiga magoti nyuma ya bi harusi. Kichwa amekiinamisha. Kanga imeanguka mabegani ikawafunika wote wawili, na mdomo wake umegusa sikio la Yumna.

Aliipeleka picha moja kwa moja kwa Bi Zulekha, nyanya yake Yumna kwa upande wa baba, aliyekuwa ameketi pembeni na tasbihi yake. Bi kizee aliisogeza karibu na macho. Tasbihi ikasimama.

"Kanga ile nimemnunulia miye," alinong'ona.

"Nani?"

"Dada yangu. Mwanawema."

Alimweleza kwa maneno machache, midomo haifunguki vizuri. Mwanawema alisingwa uani hapohapo, akapakwa hina, akavishwa. Bwana harusi hakuja. Alikwenda zake Tanga, akaoa huko. Mwanawema aliingia chumba cha ndani akafunga mlango, akasema atamngojea. Kila Ijumaa akijipaka hina upya. Walimpitishia chakula mlangoni, kisha wakazoea, kisha wakawa wanasahau. Asubuhi moja walikuta sahani ya jana haikuguswa.

"Chumba kipi?" aliuliza Bi Mwatum.

 Bi Zulekha alikuwa anatazama uani.

Yumna alikuwa amesimama. Singo inamdondoka mabegani. Alipita katikati ya wanawake kama asiyewaona, akaisukuma ndoo kwa mguu, akashika mlango ule ambao ufunguo wake hakuna aliyejua ulipo. Mlango ukafunguka. Haukulia hata bawaba.

Nyimbo zikakatika.

Chumba kilikuwa kitupu, isipokuwa kigoda kimoja katikati. Yumna aliketi sakafuni, kando ya kigoda, uso ukutani. Khairat alimkimbilia, akamvuta mkono. Mkono haukuvutika. Ulikuwa baridi, umekaza kama tawi.

"Yumna. Mwanangu. Twende."

"Haji," alisema Yumna.

"Nani haji?"

"Haji ntu. Tukae tu."

Wanawake waliposikia lile neno, tukae, walianza kutoka. Wengine walisahau simu zao kapuni. Somo alisoma Ayatul Kursiy mpaka sauti ikamkauka. Yumna hakugeuka. Midomo yake ilikuwa inakwenda bila sauti, kama anayejibu mtu. Na ngozi ya mgongo wake ilianza kupoteza rangi.

Bi Mwatum alisimama kizingitini. Baadaye alimwambia Laila kwamba hofu alikuwa nayo, tena nyingi, lakini kitu kingine kilikuwa kikubwa kuliko hofu. Alikuwa anakitazama kile kigoda kimoja, katika chumba kisicho na dirisha, na akaona anakijua. Kila kitu cha mle ndani alikijua.

Akaiinua kamera.

"Mwanawema," aliita taratibu, kama unavyomwita jirani. "N'na picha moja. Ya mwisho. Nyengine hakuna, na hazitengenezwi tena. N'takupiga weye. Kaa hapo kwenye kigoda."

 Mwanga wa alasiri uliingia mpaka katikati ya chumba, ukaishia pale.

"Mwache mtoto. Bwana wake anakuja, keshokutwa anakuja, hana kosa lolote." Kisha maneno yakamtoka ambayo hakuyapanga. "Kama unataka ntu wa kukaa naye, miye nakaa peke yangu."

Bi Zulekha alimshika nguo kwa nyuma. "Usiseme hivyo," alinong'ona. "Usimwambie hivyo."

Alikuwa amekwishasema. Akapiga.

Yumna alianguka ubavu, akakohoa, akaomba maji. Mkono wake ukalegea mikononi mwa mama yake. Khairat alimkumbatia akalia kimyakimya, uso ameuficha kwenye nywele za mwanawe.

Bi Mwatum alingoja mpaka wakati ukatimia, akaibandua picha. Kigoda kilionekana wazi, mishipa ya mti na vumbi juu yake. Juu ya kigoda hapakuwa na mtu. Bi Zulekha akaitazama, akasema alhamdulillahi, akaketi chini kwa kuchoka.

Bi Mwatum yeye hakushukuru. Aliitazama picha tena. Hayuko kwenye kigoda. Hayuko kwa Yumna. Akasimama vilevile, bila kugeuka. Na pumzi ikamgusa sikioni, upande wa kushoto. Baridi.

Aliyemrudisha mjini kwa gari ni Haroub, kaka yake Khairat. Alikuwa nje na wanaume muda wote, hakuna aliyemwambia lolote. Walipofika alishuka kwa heshima, akamfungulia Bi Mwatum mlango wa nyuma. Bi Mwatum akateremka. Haroub aliendelea kuushika mlango, ameinama kidogo, anangoja. Kisha akashtuka, akaufunga.

"Samahani, bibi," alisema. "Nilidhani mko wawili."

Yumna aliolewa. Bwana harusi alikuja na watu wake, mapema kuliko ilivyotarajiwa. Hadi leo yuko kwake, mzima, na siku ile haikumbuki isipokuwa harufu ya dawa ya picha.

Sisi majirani tulianza kusikia maneno nyumbani kwa Bi Mwatum. Mwanzo tulifurahi, tukasema labda kapata mgeni. Sauti tuliyoisikia ilikuwa yake tu. Anauliza, ananyamaza, anajibu. Siku nyingine anacheka. Mama yangu alipompelekea mkate wa kumimina, Bi Mwatum aliupokea akiwa ameufungua mlango nusu, uso umenawiri, akashukuru, akarudi ndani haraka kama aliyeacha maongezi katikati. Hakutukaribisha tena.

Khairat aliposikia alikuja na mwalimu wa kisomo, amsomee dua. Bi Mwatum aliwakatalia kwa upole. Ndipo Khairat akampigia simu Laila.

Laila alifika kwa boti akiwa na nia moja, kumchukua shangazi yake akakae naye Unguja. Walikula vizuri, wakazungumza ya zamani. Laila hakuona chochote cha kutisha, ila kwamba shangazi yake kila akiketi huacha nafasi pembeni. Bi Mwatum akamsimulia yote ya Ole, bila kupunguza. Picha ya kigoda alisema kaichoma.

"Basi ondoka, shangazi," Laila alimsihi. "Twende kwangu."

"Nikiondoka atakaa na nani?"

"Shangazi, yule si mtu."

"Hanidhuru. Miaka yote ile hakuna aliyeniuliza nimeamkaje." Akamtengenezea Laila kitanda, akamtakia usiku mwema.

Laila alilala usingizi mzito ambao hajawahi kuulala. Alipoamka jua limekwishatoka. Alipeleka mkono kichwani kuzirudisha nyuma nywele zake, maana alilala nazo zimefumuka, hajazisuka. Mkono ukakutana na mistari.

Alikuwa amesukwa. Mistari minene, michache, imelala kuelekea shingoni, ususi ule wa haraka wa bibi zetu, ule wanaouita twende kilioni.

Alimkuta shangazi yake jikoni anachochea moto. "Wewe ndiye uliyenisuka?"

Bi Mwatum alimwonyesha mikono yake. Vidole vimepinda kwa baridi yabisi, hata kifungo hukifunga kwa taabu.

"Ana mkono mwepesi," alisema, akageukia moto wake. "Amependa nywele zako."

Laila aliondoka na boti ya siku ileile, peke yake. Aliposhuka Unguja alikwenda moja kwa moja saluni, akaomba afumuliwe. Msusi alianza akiwa anazungumza, mara akainama kutazama vizuri. Ndani ya kila msuko zilikuwamo nywele nyengine zilizosukiwa pamoja na zake, ndefu mara mbili, nyeusi sana. Alizitoa zote akaziweka juu ya gazeti, fungu zima. Akamwambia Laila aziguse.

Laila akazigusa. Zilikuwa bado na joto la kichwa.