Barua Iliyoleta Unga

Jamaa zangu wa kando ya ziwa, nawaomba mnisikilize kidogo. Haya yalitokea hapa Rumonge, mwaka uliofuata ule wa uhuru, nami siyaelezi ili kumcheka mtu.

Asubuhi ile nyumba ya Alimasi ilikuwa imetulia. Mkewe, Mwasiti, alianika ndagala, wale dagaa wa ziwani, uani huku akifukuza kuku. Watoto walikunywa uji. Wakubwa walikuwa wamefunga Ramadhani. Alimasi alipiga pasi shati lake jeupe. Kazi hakuwa nayo, kwa kuwa tajiri ambaye yeye alimtengenezea taa za kuvulia miaka mingi alikuwa amehamia ng'ambo, Kongo. Lakini kampuni moja ya samaki ilitafuta fundi wa taa, naye alikuwa amepeleka barua.

Walingoja jibu kwa hofu pia. Bakari, kaka yake Mwasiti, alikuwa amesema: "Sikukuu ikipita kama shemeji hana kazi, ninakuja kuchukua dada yangu na watoto, twende Kabezi. Yeye abaki akitafuta."

Kamiyo, yaani lori, ya kampuni ikasimama mlangoni. Alimasi akatoka mbio, shati halijafungwa vifungo. Dereva akashusha gunia la unga na kitenge kimoja.

"Amahoro, Bwana Alimasi. Biro imekutumia hivi."

"Na kazi?"

"Kazi gani? Mimi nimeambiwa unga."

Jirani yao, Kadidja, akachungulia juu ya ua. "Ee, Alimasi! Siku hizi kampuni inakulisha? Waulize kama wanatafuta na wajane!"

Alimasi hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwenye biro, ofisi ya kampuni, akamkuta karani Assumani, mtu mpole.

"Ndugu yangu," Assumani akamwambia, "barua yako ilinitoa machozi. Hata tajiri wetu wa kampuni ilimgusa. Ndiyo maana tukaiweka pamoja na za watu wanaoomba msaada."

"Lakini mimi niliomba kazi!"

"Uliomba, ndiyo. Uliomba sana." Akamrudishia barua yake.

Sasa niwaambie ilivyoandikwa. Nusu ya ukurasa ilikuwa salamu. Kisha: "Mimi mnyonge wenu, nisiye na mbele wala nyuma, napiga magoti. Watoto wana njaa. Hata kufagia nitafagia." Taa haikutajwa hata moja.

Msimhukumu upesi. Kwetu anayekwenda kuomba huinama, na anayejisifu hupewa jina baya. Na sisi wenyewe tunasema kuomba kazi, kwa neno lile lile la kuomba chumvi kwa jirani. Alimasi alifuata adabu aliyolelewa nayo, ila aliipeleka mahali pasipo pake.

Aliporudi, Mwasiti alimtaka amsomee barua yote. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Baba Riziki, mimi nikisikia hivi, nakupa unga vilevile."

"Ningeandika nini basi? Nijisifu kama jogoo?"

"Taa za Idi wa Gatete zilipozimika majini, nani alizitengeneza?"

"Mimi."

"Hiyo ni sifa ao ni habari?"

Alimasi akatafuta karatasi.

"Andika habari," Mwasiti akasema. "Na isiyo kweli usiitie."

Barua ya pili ilikuwa fupi. Salamu mstari mmoja. Kisha akaeleza kwamba anatengeneza taa za karabai. Kwamba alizitunza taa za tajiri fulani mpaka huyo tajiri alipohama. Kwamba taa inayozimika kwenye upepo anaujua ugonjwa wake, na pampu iliyochoka huitilia ngozi mpya. Idi wa Gatete, mwenye mitumbwi, anaijua kazi yake, aulizwe. Mwishoni akaandika kwamba injini hazijui, halafu akataka kuyafuta maneno hayo.

"Acha hivyo hivyo," Mwasiti akamwambia. "Wakikuita kwenye injini, utajificha wapi?"

Assumani aliisoma akiwa amesimama. "Kumbe fundi wa Idi ni wewe! Mbona hukusema?"

"Niliona haya."

"Haya yako imekula nafasi, ndugu yangu. Ile ya hapa mjini imekwisha kupata mutu."

Hata hivyo aliipeleka kwa tajiri. Tajiri akatuma watu kwa Idi, nao wakarudi na jibu lake: "Mukichelewa, ninamuchukua mimi." Alimasi akapewa kazi ya taa za mitumbwi iliyokuwa Gatete. Ilimlazimu kulala huko, arudi nyumbani Ijumaa tu. Aliumia kuwaacha watoto wiki nzima, lakini alikwenda.

Sikukuu ikapita. Bakari akafika kutoka Kabezi na kamba za kufungia mizigo.

"Shemeji iko wapi?"

"Iko kazini, kaka."

"Kazini kwa nani?"

"Keti kwanza unywe chai," Mwasiti akasema. "Hapa hakuna mzigo wa kufunga."

FUNZO

Ndugu zangu, anayetafuta mfanyakazi ana kazi yake inayomsumbua, na barua yako imwonyeshe kwamba unaiweza. Shida zako ni za kweli, lakini ukizieleza peke yake atakuonea huruma, na huruma huisha pamoja na gunia la unga. Mwambie ulichokwisha kufanya, mahali ulipokifanyia, na mtu anayeweza kushuhudia. Usiongeze uongo, wala usifiche usichokijua. Heshima iwe katika salamu. Baada ya hapo, simama wima ueleze kazi yako.