Shikamoo za Mtaa wa Sikukuu

Kila siku king'ora cha karakana ya reli kilipolia kule Gerezani, Elieshi alikuwa amekwisha kaa kizingitini kwao, Mtaa wa Sikukuu, akimsubiri baba yake. Kusema kweli hakumsubiri baba. Aliisubiri baiskeli.

"Iache ipumue kidogo," baba alimtania akishuka. "Nayo imetoka kazini."

"Itapumua usiku, baba," Elieshi alijibu, na mkono wake ulikuwa tayari kwenye usukani.

Elieshi alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba, mbishi. Mwaka ule sherehe za Saba Saba zilikuwa na mashindano mapya kwa shule za Kariakoo: kuendesha baiskeli kutoka Mnazi Mmoja hadi Ilala na kurudi, kisha kuiacha baiskeli pale pale na kukimbia kwa miguu hadi Gerezani. Kila shule ilitakiwa kutoa msichana mmoja. Mwalimu Pius, mwalimu wa michezo, alimteua Elieshi, lakini kwa sharti moja: lazima kwanza ashinde majaribio uwanjani. Akishindwa, nafasi ingekwenda kwa mwenzake wa darasa, Evarista. Elieshi aliitaka nafasi ile mpaka akawa anaiota.

Siku ya majaribio aliendesha baiskeli mizunguko ishirini bila taabu. Aliposhuka na kuanza kukimbia, miguu ilikataa. Ilikuwa mizito, kama amevaa gunia la mchanga kila mguu. Hatua kumi, ishirini, akaketi chini mbele ya darasa zima.

"Umekuwa ukifanya mazoezi kweli?" Mwalimu Pius aliuliza.

"Kila siku, mwalimu. Baiskeli, kisha mbio."

"Bila kupumzika katikati?"

"Bila kupumzika hata kidogo," Elieshi alisema, machozi yakimlengalenga. Hakuwa akidanganya. Ndivyo alivyoamini.

Mwalimu Pius alimpa nafasi ya pili: majaribio mengine siku moja kabla ya Saba Saba. Kesho yake alikuja mwenyewe Mtaa wa Sikukuu, akasimama kwenye kivuli cha duka akitazama. Akaona jambo.

Elieshi alirudi kutoka Ilala mbio, jasho likimtoka. Alipofika pembeni mwa mtaa akashuka, maana pale alikaa Bibi Theopista na karai lake la vitumbua. Mtoto mwenye adabu hamwamkii mkubwa akiwa juu ya baiskeli. "Shikamoo, bibi." Bibi akaitika, akauliza habari za mama, za baba, za sukari kama imefika duka la ushirika. Nyumba tatu mbele alikuwa Mzee Onesphory, fundi cherehani na balozi wa nyumba kumi, ambaye salamu zake zilikuwa ndefu kama hotuba. Akashuka tena. Ilipofika zamu ya kukimbia, Elieshi alikuwa amesimama mara sita, na miguu yake ilikuwa imekwisha sahau baiskeli.

Mwalimu alicheka mpaka akashika mbavu. "Sasa nimeujua ugonjwa! Salamu zako ndizo zinazokupumzisha. Kwenye mashindano hakuna salamu, ndiyo maana miguu inashangaa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na miguu ni hivyo hivyo. Lazima uishushe kwenye baiskeli na kuikimbiza papo hapo. Kidogo kidogo, lakini papo hapo."

Jioni iliyofuata Elieshi alifanya alivyoambiwa. Alipita kwa Bibi Theopista bila kushuka, akapita kwa Mzee Onesphory macho mbele, akaiegemeza baiskeli ukutani na kukimbia. Siku hiyo alifurahi sana. Furaha yake haikufika hata saa ya chakula.

"Nimeambiwa una mabawa siku hizi," mama alisema. "Balozi mzima unampita kama nguzo ya umeme! Nimezaa mkimbiaji au nimezaa mtoto asiye na adabu? Baiskeli basi."

"Mama, Saba Saba imebaki siku kumi!"

"Hata ikibaki moja."

Elieshi alilia, kisha akachoka kulia. Mama hakukosea, na mwalimu naye hakukosea. Basi mwenye kuweza kumsaidia alikuwa nani, kama si wale wale aliowapita?

Asubuhi aliamka mapema, akaanza na pagumu. Mzee Onesphory alikuwa akitia mafuta cherehani yake. Elieshi akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, babu. Nimekuja kuomba radhi. Na ruhusa."

"Marahaba. Radhi nimeisikia. Ruhusa ya nini?"

Akamweleza yote: majaribio, miguu iliyokataa, Evarista anayengoja. Mzee alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Sasa mbona hukusema?" aliuliza hatimaye. "Sisi tulidhani umekuwa mkubwa. Sikiliza. Asubuhi utanipa shikamoo yangu kamili, ya kusimama. Jioni nimekusamehe. Mimi mwenyewe nitamweleza mama yako."

Elieshi alipita kila nyumba hivyo hivyo, na jioni ile mama alimrudishia baiskeli. Kila asubuhi aliamkia mtaa mzima kwa miguu. Kila jioni alirudi kutoka Ilala, akaiacha baiskeli kwa Bibi Theopista na kuondoka mbio. Siku ya kwanza alifika nyumba ya tatu tu. Alijikaza. Alijifunza kukanyaga pedali kwa wepesi anapokaribia mwisho, na kuanza mbio kwa hatua fupi. Siku ya nane alifika Gerezani, na kesho yake, uwanjani, alishuka kwenye baiskeli akakimbia bila kuketi. Mwalimu Pius alimkabidhi fulana ya shule.

Saba Saba ilifika, na njia ya mbio ilipita Mtaa wa Sikukuu. Elieshi alipoiacha baiskeli Mnazi Mmoja miguu ilikuwa mizito, lakini safari hii aliujua uzito huo. Hatua fupi, hatua fupi. Hata hivyo alipoingia mtaani kwao pumzi ilikuwa imemwishia, na wasichana wanne walikuwa mbele. Akafikiri kutembea kidogo tu.

"Marahaba!" Bibi Theopista alipiga kelele, mwiko juu. "Marahaba, mwanangu, pita!"

"Marahaba!" Mzee Onesphory alikuwa amesimama juu ya kiti chake. "Marahaba, Elieshi! Usisimame!"

Nyumba kwa nyumba, wazee waliitikia shikamoo ambayo hakuitoa. Elieshi alicheka na kulia kwa pamoja, wala hakutembea. Aliwapita wasichana wawili, akafika Gerezani wa tatu kati ya kumi na wanne.

Mama alimfuta jasho kwa khanga. Mwalimu Pius akamshika bega.

"Mwili hufanya siku ya kazi kile ulichouzoeza, si kile unachodhani umeuzoeza," alisema. "Hilo la kwanza. La pili umenifundisha wewe: mimi nilikuonyesha kosa, lakini dawa uliipata ulipokwenda kusema ukweli kwa watu na kuomba. Juhudi bila adabu ingekuacha bila baiskeli."

Asubuhi iliyofuata, miguu ikimuuma, Elieshi alisimama mbele ya cherehani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," Mzee Onesphory alisema, akavuta kiti cha pili. "Kaa basi. Leo salamu zangu ni nyingi."