Élise, wa Arobaini na Moja

Jumamosi ile Hortense alipiga pasi gauni la binti yake Élise tangu asubuhi. Mumewe Barnabé alivaa koti lake la kanisani. Ilikuwa siku ya proklamasio. Siku hiyo mwalimu husoma matokeo ya mtihani mbele ya wazazi wote, kuanzia mtoto wa kwanza hadi wa mwisho. Kambi nzima ya wafanyakazi ya Panda, mjini Likasi, ilikwenda kusikiliza.

Ulikuwa Machi mwaka 1962, Katanga imejitenga na Kongo. Vita vilipofika Likasi Septemba ya mwaka uliotangulia, Hortense alikimbilia ziwa Tshangalele na watoto, kwa mama yake anayekausha samaki. Walirudi Februari. Miezi mitano Élise hakushika chaki.

Mwalimu Fidèle alisoma majina arobaini, kisha jina la mwisho.

"Élise. Wa arobaini na moja."

Watu wazima walicheka. Mtoto wa miaka minane alisimama juani akitazama viatu vyake. Aibu ilikuwa ya waliocheka, lakini aliyeibeba ni yeye.

Nyumbani Barnabé alivua koti.

"Siku ya lundi hatarudia ku masomo. Atabakia hapa, atakusaidia kazi."

"Baba Élise, mutoto alirudia mu Février. Angejua nini?"

"Bantu bote baliniangalia minye. Haukuona?"

Hortense aliona. Lakini yeye alikuwa amemtazama Élise.

Jumatatu alimpeleka mtoto wake mchanga, Augustin, kupimwa kilo kwenye kliniki. Muuguzi Émilienne alimweka kwenye mizani, akaandika kwenye kadi.

"Kilo sita na nusu. Mwezi yenye ilipita alikuwa na sita. Ni muzuri."

"Lakini mutoto ya Berthe iko na nane, na balizaliwa juma moja."

"Sipime mutoto ya Berthe, Mama Élise. Napima huyu. Huyu alikuwa na surua. Namuangalia na vile alikuwa yeye mwenyewe, njo najua kama anapanda ao anashuka."

Hortense aliitazama kadi ile. Kisha alimfunga Augustin mgongoni, akamwomba Émilienne amsindikize, wakaenda moja kwa moja shuleni, kadi ya Augustin mkononi.

"Mwalimu, mu Février Élise alijua nini?"

Fidèle alifikiri. "Herufi ine tu. Zingine alisahau."

"Na leo?"

"Leo anasoma silabi. Anakwama, lakini anasoma."

"Basi alipanda. Juu ya nini haukuyasema mbele ya bantu? Nionyeshe ile ardoise yake, ile kibao yenye aliandikia mu Février."

"Ilifutwa, mama. Ardoise tunafutaka kila siku."

"Augustin hajue hata kusema, lakini iko na karatasi yenye inaonyesha njia yake. Weye, Mwalimu, unamufuta Élise kila siku. Halafu unamusimamisha bantu bamucheke."

Fidèle hakuwa mtu mbaya. Aliketi kwenye dawati la watoto.

"Iko batoto makumi ine na moja, mama. Na tangu vita, karatasi hakuna."

"Karatasi iko," Émilienne alisema. "Iko na kadi za batoto benye balisha kukomaa. Nyuma haziandikwe kitu. Kila siku sikiliza batoto nane ao tisa, moja moja, dakika tatu. Andika kitu yenye mutoto anajua kufanya, na kitu moja yenye itafuata. Usiandike ya jirani. Ile yenye inamushinda, umufundishe ile."

Fidèle alikubali, na kwenye kadi ya Élise akaanza na zile herufi nne za Februari. Barnabé alipoambiwa, alinuna siku mbili. Mwishowe akasema, "Mpaka Juillet. Nikiona bure, atabakia ku nyumba."

Kila Ijumaa Élise alileta kadi nyumbani. Aprili iliandikwa: anasoma "ma" na "mi". Mei: anasoma "mama anapika". Juni ilionyesha hesabu ya kutoa bado inamshinda, basi Fidèle alimfundisha kutoa kwa mawe. Barnabé alianza kuiulizia kadi kabla ya kunawa mikono.

Julai proklamasio ilirudi, na koti likavaliwa. Mkurugenzi wa shule alitaka nafasi zisomwe, zikasomwa. Élise alikuwa wa thelathini na tano. Wengine walianza kucheka. Fidèle aliinua mkono.

"Sasa kila mutoto atasoma kadi yake mwenyewe."

Zamu ya Élise ilipofika, alishika kadi kwa mikono miwili.

"Februari: Élise anajua herufi nne." Alikwama kidogo, akaendelea. "Julai: Élise anasoma kadi hii peke yake."

Safari hii hakuna aliyecheka. Hortense alilia waziwazi, na hakuona haya.

Njiani jirani mmoja alimkuta Barnabé. "Iko wa ngapi, huyu wako?"

"Ulimusikia anasoma, ao haukusikia?" Barnabé alisema.

Alivua koti, akaingiza kadi kwenye mfuko wa ndani, akamshika binti yake mkono. Septemba alimrudisha shuleni mwenyewe.