Kifua Kimefungwa, Pua Iko Wazi

Siku hiyo mume wangu, Warsidi, aliadhini Alasiri, akakwama katikati.

Nilikuwa jikoni. Chumba chetu cha kupanga kiko uchochoro mmoja na msikiti mdogo, Jakarta Mashariki, na kipaza sauti kinaelekea dirishani kwangu. Kila siku Warsidi hurudi kutoka kijiweni, huoga, huadhini, hula, kisha hurudi kwenye bodaboda yake kuwahi abiria wa jioni. Siku hiyo alifika "Hayya alas-swalaa," akataka kuvuta pumzi, ikakataa. Kikohozi chake kikatoka kwenye kipaza sauti, mtaa mzima ukasikia. Adhana ikamaliziwa na mtu mwingine.

Alirudi nyumbani kainamisha uso.

"Upepo tu, Mama Wening. Nikwangue mgongo."

Kwetu ugonjwa wa dereva ni mmoja: upepo umemwingia. Ndiyo maana madereva huvaa jaketi mbele nyuma, zipu mgongoni, ili kifua kisipigwe na upepo. Warsidi aliongeza kipande cha boksi ndani ya shati. Na mume akirudi anaumwa, mke humpaka mafuta, huchukua sarafu, humkwangua mgongo mpaka mistari myekundu itokee. Wekundu ukikolea, tunasema upepo mwingi umetoka.

Nikaanza kumkwangua. Mistari ya juzi ilikuwa haijafutika. Mbavu zake zilipanda na kushuka, na ndani nikasikia mluzi mwembamba. Niliogopa. Tangu kiangazi kianze nimekwangua mgongo ule kila wiki, na kila wiki pumzi inapungua. Upepo gani huu usioisha?

Hodi ikapigwa. Alikuwa Bi Rohayati, muuguzi wa kituo cha afya, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu.

"Baba Wening, nimekusikia kule kwangu. Kikohozi hicho kina muda gani?"

"Siku mbili tatu."

"Wiki sita," nikasema.

Warsidi akanikata jicho. Bi Rohayati akaokota lile boksi sakafuni.

"Hili la nini?"

"Kinga ya kifua."

"Na pua unaikinga na nini?"

Warsidi akaonyesha kitambaa chake cha shingoni. Bi Rohayati akampa leso nyeupe, akamwambia apenge. Leso ikawa nyeusi.

"Huu ni uchafu unaouona," akasema. "Unaokuumiza zaidi huuoni. Moshi wa magari una vumbi jembamba kuliko unywele, mara nyingi sana. Linapenya kitambaa hiki, linashuka mpaka chini ya mapafu. Njia za hewa zinavimba, zinakuwa nyembamba. Ndiyo huo mluzi."

"Kwa hiyo si upepo?"

"Upepo unaingilia kwenye zipu? Hewa unaivuta kwa pua na mdomo, kutwa nzima, nyuma ya malori. Umefunga dirisha, mlango umeuacha wazi."

"Na hii mistari myekundu?" nikauliza.

"Ni damu chini ya ngozi, mwenzangu. Hata mimi ukinikwangua nitakuwa hivyo, na siumwi."

Niliitazama sarafu mkononi nikaona aibu. Wiki sita nilikuwa nachora mistari, na ugonjwa umekaa ndani unastarehe.

"Kesho aje kituoni," Bi Rohayati akasema. "Kikohozi kikipita wiki mbili, makohozi lazima yapimwe. Tujue kama ni kifua kikuu au siyo."

Tulingoja majibu siku mbili. Warsidi alitenga kikombe chake mwenyewe, hakuna aliyemwambia. Nilipomwona akikiosha peke yake pale bombani nilitamani kulia. Nilimwaza Wening wetu wa darasa la nne, nikawaza ile bodaboda ikikaa bila mtu.

Majibu yakaja: si kifua kikuu. Lakini daktari alimpulizisha kwenye kifaa, akatikisa kichwa. Njia za hewa zilikuwa zimebana kama za mtu aliyemzidi miaka ishirini. Akampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, kila siku, hata akijisikia nafuu. Akamwonya kwamba kilichokwisha kuharibika huenda kisirudi chote.

Bi Rohayati akamfundisha kuvaa barakoa ile nene ya N95. Ibane pua, ikae chini ya kidevu, hewa isitoke pembeni. "Ukipumua ukasikia upepo machoni, haijakaa," akasema.

Kijiweni wakamcheka. Sarmin, rafiki yake, akasema, "Daktari, nina jino linauma."

"Fungua mdomo nione," Warsidi akajibu. "Ila zima sigara kwanza."

Maneno matamu, lakini yeye mwenyewe alikuwa anashusha barakoa ili avute sigara yake ya karafuu. Bi Rohayati alimkuta. "Mwizi umemfungia mlango," akamwambia, "halafu umemwita ndani anywe kahawa." Kuacha kulimchukua wiki tano za hasira. Hasira hizo nilizila mimi.

Na mimi nilikosea. Niliifua barakoa kwa sabuni, nikaianika kambani, najiona mke mwema. "Hiyo haifuliwi, Mama Wening," Bi Rohayati akasema. "Ukiifua haichuji tena. Ikichafuka, ikilegea au ikiwa nzito kuvutia pumzi, itupe."

Madereva nao walibadilika kidogo kidogo. Kijiwe kilikuwa mbele ya kituo cha basi, moshi ukiwapiga usoni. Wakakisogeza ndani ya uchochoro, penye miti. Kwenye foleni Warsidi akaacha kujipanga nyuma ya bomba la lori. Asubuhi akawa anaangalia kiwango cha uchafu wa hewa kwenye simu. Kikiwa juu sana, hupita njia za ndani na kupumzika mara nyingi. Hata Sarmin akanunua barakoa, akisema ni kwa sababu ya harufu ya abiria.

Mluzi ulipungua. Lakini miezi miwili Warsidi hakukigusa kipaza sauti. Nami sikumwuliza, kwa kuogopa jibu.

Kisha Alasiri moja, nakaanga tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa, nikasikia kipaza sauti kikigongwa mara mbili kwa kidole. Nilikijua kidole kile. Akaanza. Mimi nikasimama na mwiko mkononi.

Akafika "Hayya alas-swalaa." Akatua. Mtuo ulikuwa mrefu kuliko wa zamani, na mimi nikabanwa kifua kwa niaba yake. Kisha akavuta pumzi, nikaisikia inaingia, akaendelea mpaka mwisho. Hakuna aliyemmalizia.

Aliporudi alisimama mlangoni, akanusa.

"Mama Wening, mbona moshi humu ndani?"

Tempe yote ilikuwa imeungua.

"Fungua mlango moshi utoke," nikasema. "Kisha ukae ule hivyohivyo."