Roboti wa Gunia

Haya yalimpata rafiki yangu Wamae, kinyozi wa pale Nyeri, mwaka wa sabini na nane. Alikuwa amempelekea Mzee Moffat sukari kule Wamagana, kama kila Jumamosi. Moffat, aliyepofuka mwaka wa Uhuru, ndiye aliyemlea Wamae baada ya baba yake kunyongwa na Wazungu.

Mvua ilipiga mabati na nyumba ikawa giza. Wamae akaketi mlangoni, akamsomea mzee kitabu cha katuni alichonunua sokoni, cha maroboti wa vita wanaolia wakikumbuka waliowaua. Akafika penye roboti aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili, kama wale wasaliti waliowatambulisha wenzao kwa Wazungu wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya ukoloni. Kila akiinamisha kichwa, roboti mfungwa mmoja anatolewa mstarini kwenda kunyongwa.

"Usifungue hiyo page ingine," Moffat akasema. "Huyo mfungwa wa tatu amevaa koti ya baba yako."

Wamae akafungua. Roboti mfungwa wa tatu alivaa koti, na kwenye kiwiko kilikuwepo kile kiraka cha bluu ambacho mama yake alimshonea baba.

"Mzee, si uliniambia siku baba alipochukuliwa ulikuwa mbali, Sagana?"

Gizani kiti cha Moffat kililia, kama kinavyolia mtu akiinamisha kichwa. Kikalia mara ya pili. Kisha ya tatu.