Bahasha ya Kitalu Namba Kumi na Nne

Bahasha ilikuwa imeibwa. Ndani yake mlikuwa na ufunguo na mkataba wa kununua karavani, ile nyumba ya magurudumu ya kupumzikia, iliyoegeshwa kwenye kitalu namba kumi na nne cha bustani ya wageni kando ya ziwa huko Buffalo. Mkataba usiposainiwa kufikia saa sita mchana, karavani inachukuliwa na mteja mwingine.

Inspekta Rurangwa wa polisi ya Louisville alifika mtaa wa Beechmont saa nne asubuhi. Kwa bahasha tu wasingemtuma yeye, ila mzee Leopoldi, mwenye bahasha, aligoma kusema na askari asiyejua Kiswahili.

"Mlango umevunjwa?"

"Haujaguswa, afande."

"Waliolala humu?"

"Mimi, mama huyu, na binti yetu Delfina. Alikuja jana kutoka Columbus kutusomea mkataba."

"Basi mwizi amekunywa chai na nyinyi asubuhi hii."

Delfina akawaka. "Mimi nilisema wazi kile kibati cha karavani kitavuja. Anayepinga mbele ya watu ataiba ya nini?"

Bibi Theodosia, mke wa mzee, alikaa kama mtu anayengoja basi lisilo lake. Alikuwa hivyo tangu wamzike mtoto wao Nestori, mwaka juzi.

Kwenye kabati ilimokuwa bahasha, alama za vidole zilikuwa za hao hao watatu. Rurangwa akaingia jikoni. Nyumba ilifagiliwa hata chini ya makochi, lakini karibu na debe la unga wa mahindi palimwagika weupe kidogo.

Akamkumbuka mama yake, kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma. Kadi ya mgao wa chakula aliizika chini kabisa ya unga. Wanawake wote wa mtaa ule walifanya hivyo, kila mmoja akidhani ni siri yake.

Akakunja shati, akazamisha mkono hadi kiwiko. Akatoa bahasha.

"Delfina alizaliwa kambini?"

"Huku huku Marekani."

"Na wewe, mzee, ndiye uliyeificha humu?"

"Mimi hata unga sijui unakaa wapi."

"Mama, ni wewe?"

"Ni mimi, mwanangu. Umechelewa. Nilidhani utaanzia hapo."

"Kwa nini?"

"Tulipokwenda kupatazama, mlinzi wa geti alinifunga karatasi mkononi, ina namba. Akatuonyesha bomba la maji, moja kwa vitalu kumi. Akasema geti linafungwa saa nne usiku. Miaka kumi na tisa kambini nimeishi hivyo, tena bure. Nikangoja nilie. Sikuhisi kitu. Hapo ndipo niliogopa. Nikaificha, saa sita ipite."

"Ungesema, mama Nestori!" Leopoldi alisema.

"Ulikuwa unacheka. Tangu msiba hukuwa umecheka. Ningekunyang'anyaje?"

"Nilicheka kwa ajili yako! Ulinyamaza, nikadhani umepapenda. Mimi nilipoliona lile bomba, nilitaka tugeuze gari."

Hakuna aliyelia. Delfina akawatazama, mmoja baada ya mwingine. "Sasa nani alikuwa anaitaka hiyo karavani?"

Leopoldi akamkabidhi ufunguo. "Warudishie. Wampe huyo mwingine."

Rurangwa akaandika: Mali imepatikana. Mlalamikaji hana shauri.

"Afande," Theodosia akasema, "umeshatia mkono kwenye unga wangu. Nawa, uusonge mwenyewe huo ugali."

Leopoldi akacheka, kidogo tu. Mkewe akamkagua usoni kwanza, ahakikishe ni kicheko cha kweli.